Kura moja iliyoamua nani aamke kwanza ndani ya seva

Tarehe 25 Aprili 2025 ilitimia miaka 10 tangu Debian 8 ilipotoka, toleo la Linux lililobadili namna seva nyingi zinavyowasha programu zake. Hapakuwa na sherehe. Mtu anayefungua tovuti ya matokeo ya mitihani usiku wa manane haulizi ni nani aliyeiwasha tena programu inayoiendesha tovuti hiyo umeme uliporudi. Swali hilo, hata hivyo, liliwahi kugawa kambi mbili watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Programu zinazojiendesha bila mtu mbele ya skrini ni za zamani kuliko intaneti yenyewe. MIT walikuwa nazo tangu miaka ya 1960. Katika Unix, iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1969, kiini cha mfumo kikishaamka huwasha mchakato namba 1, uitwao init, nao ndio huzaa huduma nyingine. Apache ilipoanza kuhudumia tovuti mwaka 1995, na Tomcat ya programu za Java ilipofuata mwishoni mwa muongo huo, zilikuta utaratibu wa skripti zilizowekwa ndani ya /etc/init.d, zikiitwa moja baada ya nyingine kama ndoo kwenye foleni ya bomba.

Foleni hiyo ilikuwa na kasoro. Skripti ikishawasha programu, imemaliza kazi yake. Iliandika namba ya mchakato kwenye faili dogo na kuondoka. Programu ikifa saa tisa usiku, faili linabaki pale pale likidai iko hai, na tovuti inabaki chini hadi mtu aamshwe.

Tarehe 30 Aprili 2010, Lennart Poettering, mhandisi wa Red Hat nchini Ujerumani, alichapisha andiko refu la kutaka mchakato namba 1 ufikiriwe upya. Hakuficha kwamba Apple walikuwa wamemtangulia kwa launchd mwaka 2005. Hoja yake: mfumo ufungue kwanza milango yote ya mawasiliano, kisha uwashe huduma kwa pamoja; ombi likifika kabla huduma haijawa tayari, lisubiri mlangoni. Mfumo huo pia ujue watoto wote wa kila huduma, ili ikizimwa pasibaki yatima. Aliuita systemd. Fedora, toleo jingine la Linux, waliupokea mwaka 2011.

Debian ni mradi wa watu wa kujitolea, na huko mambo hayakwenda kwa amri ya bosi. Oktoba 2013 suala lilipelekwa kwa Kamati ya Ufundi kama hitilafu namba 727708, na mjadala wake bado unasomeka wote. Wapinzani walisema systemd ni mkubwa mno, unameza kazi zilizokuwa za programu ndogondogo, na haufanyi kazi nje ya Linux, ilhali Debian ilikuwa pia na matoleo yenye viini vingine. Mshindani mkuu alikuwa Upstart wa Canonical, kampuni ya Ubuntu, na baadhi ya wajumbe wa kamati walikuwa waajiriwa wake. Maneno yakawa makali.

Februari 2014 wajumbe wanane walipiga kura. Wanne systemd, wanne Upstart. Mwenyekiti, Bdale Garbee, akatumia kura yake ya uamuzi, na systemd ukashinda. Siku chache baadaye Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu, alitangaza kwamba naye ataufuata.

Ugomvi haukuishia hapo. Oktoba mwaka huohuo Ian Jackson, aliyewahi kuwa kiongozi wa Debian, aliwapelekea wanachama wote azimio la kuzuia programu zisilazimishe mfumo mmoja wa kuwashia. Wanachama wakajibu kwamba hapakuwa na haja ya azimio lolote. Jackson akajiuzulu kwenye kamati. Russ Allbery, wa kambi iliyoshinda, alikuwa amekwisha kutangaza kuondoka kwenye kamati hiyo. Joey Hess aliuacha mradi kabisa baada ya miaka 18. Waliokataa systemd wakajitenga na kuanzisha Devuan, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2017. Poettering mwenyewe alihamia Microsoft mwaka 2022.

Kwa maoni yangu wapinzani walikuwa na haki kuhusu ukubwa wa systemd, lakini mwenye tovuti ndiye aliyefaidika. Leo faili moja la systemd la mistari kama kumi linataja programu, mtumiaji wa kuiendesha, na agizo la kuiwasha tena ikianguka. Kinachoudhi ni kuona seva za biashara zetu zikiendeshwa kana kwamba faili hilo halipo: fundi anaingia kwa mamlaka yote ya root, anawasha programu kwa amri ya nohup ili iendelee akiondoka, anafunga kompyuta yake na kwenda zake. Seva ikijizima na kuwaka, tovuti hairudi, na lawama zinaangukia mtandao.

Wenye tovuti, muulizeni fundi wenu swali moja kabla ya kumlipa: seva ikizimwa na kuwashwa sasa hivi, programu itarudi yenyewe? Akisema ndiyo, mwambieni aizime seva na kuiwasha mkiwa mnatazama.