Sonic 2: Stori Yote ya Vile Gemu Ilipikwa Mbio, Ikaibiwa na Bado Ikaangusha Dunia

Ukiingia base yoyote ya PS hapa mtaani, ukalipa doh yako ukangoja zamu, jua pedi utakayoshika inaendesha mashine ya jamaa anaitwa Mark Cerny. Yeye ndiye aliongoza usanifu wa PS4 na PS5. Lakini kitambo sana, kabla wewe uzaliwe, huyu msee alianzisha ka-ofisi ka magemu huko California, na hapo ndipo Sonic the Hedgehog 2 ilipikwa. Hii ni stori ya hiyo gemu, kuanzia siku mdosi alisema "bado" mpaka siku ilitua dukani.

Rada ya haraka

- Jina: Sonic the Hedgehog 2
- Konsoli: Sega Mega Drive, Marekani wanaiita Genesis
- Waliotengeneza: Sega Technical Institute, California
- Ilitoka: 21 Novemba 1992 Japani, 24 Novemba 1992 Marekani na Ulaya
- Muziki: Masato Nakamura wa bendi ya Dreams Come True
- Mauzo: kopi zaidi ya milioni 6

Kwanza, ilikuwaje mpaka Naka akahepa?

Sonic ya kwanza ilitoka Juni 1991. Sega walikuwa wanatafuta mtu wa kusumbua Mario wa Nintendo, na huyu nungunungu wa bluu akafanya hiyo kazi fiti kabisa. Gemu ilikuwa inakimbia kushinda kitu chochote watu walikuwa wamezoea.

Msee aliyeandika programu yake ni Yuji Naka. Cheki CV yake: akimaliza high school hakuenda chuo. Alijifunza kompyuta mwenyewe, akaingia Sega 1984. Sasa fikiria umetengeneza kitu dunia nzima inacheza, halafu ukiangalia mwisho wa gemu jina lako haliko. Siku hizo Sega hawakuwa wanaandika majina halisi ya wafanyakazi wao. Kwa Sonic ya kwanza Naka ameandikwa "YU2", na Hirokazu Yasuhara, aliyepanga zile njia unazokimbilia, ameandikwa "Carol Yas". Ukiongeza na malipo ambayo hayakumfurahisha, Naka akaamua imetosha. Akaacha kazi.

Hapa ndipo Cerny anaingia. Yeye pia si mtu wa digrii: alikuwa University of California, Berkeley, Atari wakampigia simu akiwa na miaka 17, akaacha masomo akaenda kazi. Huko Atari akatengeneza Marble Madness. Kufikia 1991 alikuwa anaongoza Sega Technical Institute, na alipojua Naka ameachana na Sega, alimwendea akambongesha mpaka akakubali kuhamia Marekani afanye kazi chini yake. Yasuhara naye akafuata.

"Ni mapema sana"

Ungedhani Sega wangekimbilia sehemu ya pili, si ndio? Zii. Cerny alipopendekeza waanze Sonic 2, watu wa mauzo wa Marekani walisema ni mapema. Basi timu ikaanza kufikiria vitu vingine. Baada ya muda mfupi hao hao wakarudi mbio: tunaitaka, na tunaitaka kabla ya Krismasi ya mwaka ujao.

Kazi ikaanza Novemba 1991. Yaani walikuwa na takriban mwaka mmoja tu, na huo muda uliopotea ndio uliumiza watu baadaye, kama utakavyoona.

Ofisi moja, lugha mbili

Wajapani na Wamarekani waliwekwa pamoja, na kuelewana haikuwa rahisi. Kuna wale hawakujua Kiingereza poa, na kuna wale hawakujua Kijapani hata kidogo. Hata namna ya kufanya kazi ilikuwa tofauti: Wajapani walikuwa wanapiga kazi mpaka usiku wa manane.

Lakini cheki kilichotoka hapo:

- Spin dash. Ile unashikilia chini, unabonyeza, Sonic anajikunja na kuzunguka, ukiachilia anatoka kama mshale. Kwa gemu ya kwanza haikuwa, kwa hivyo ukisimama chini ya mlima ulikuwa unarudi nyuma kutafuta mbio upya.
- Super Sonic. Kusanya Chaos Emerald zote 7, ushike pete 50, uruke. Sonic anageuka dhahabu na maadui hawamgusi. Lakini pete zinapungua kila sekunde, na ukitumbukia shimoni bado unakufa.
- Hatua spesheli za kukimbia ndani ya kitu kama bomba lililokatwa katikati. Mwonekano wake ulitoka kwa Tim Skelly, na kwa mashine ya 1992 ilikaa kama uchawi.
- Kucheza wawili. Skrini inagawanywa mara mbili, mnakimbizana.

Tails alitoka wapi?

Walifanya mashindano ndani ya ofisi: nani atachora rafiki wa Sonic? Akashinda Yasushi Yamaguchi na mbweha wa mikia miwili, wazo lililotoka kwa mbweha wa hadithi za kale za Japani. Yamaguchi alitaka aitwe Miles Prower, ju ukiisema haraka inasikika kama kipimo cha spidi cha Wazungu. Sega ya Marekani ikataka Tails. Wakakubaliana nusu kwa nusu: jina lake ni Miles, Tails ni la mtaa.

Na kama uko na ndugu mdogo utapenda hii: mtoto anaweza kushika pedi ya pili acheze Tails. Akifa, anarudi akipaa. Wewe huteseki juu yake.

Zile vitu zilitupwa

Hapa ndipo ule muda mfupi uliuma. Mwanzoni Yasuhara alitaka Sonic asafiri kwa wakati, sehemu moja uione enzi tofauti. Wazo likaachwa. Wood Zone ikaenda. Jangwa likaenda. Genocide City ikakatwa pia, lakini ramani yake haikuharibika: ndiyo maana Metropolis Zone iko na sehemu tatu na zingine nyingi ziko na mbili.

Iliyouma zaidi ni Hidden Palace, pango lenye mawe ya kung'aa lililochorwa na Craig Stitt. Ilikuwa imefika mbali kabisa, halafu muda na nafasi kwa kaseti zikaisha. Stitt hakufurahia hata kidogo, na huwezi mlaumu. Kazi ya miezi inaishia hivyo tu.

Wezi wakaingilia

1992, kwa maonyesho ya vitu vya watoto New York, kaseti yenye gemu ambayo haijaisha iliibiwa. Ikakopiwa. Ilikuwa hasara kwa Sega, lakini miaka baadaye, kopi ya gemu isiyoisha ilipopatikana kwa intaneti, mafan waliona Hidden Palace kwa macho yao. Tangu hapo kuna mbogi duniani kote inachimba kaseti za kitambo kutafuta vitu vilivyofichwa.

Jumanne ya Sonic

Siku hizo gemu ilikuwa inatoka nchi moja leo, nyingine baada ya miezi. Sega wakaamua 24 Novemba 1992 itoke Marekani na Ulaya siku moja. Ilikuwa Jumanne, wakaipa jina "Sonic 2sday". Leo unaona kawaida gemu kutoka siku moja kila mahali. Wakati huo ilikuwa noma, ju lazima kaseti zenyewe zisafirishwe zifike kwa maduka kabla ya hiyo siku.

Chocho za kujaribu

Nenda Options, kwa Sound Test, cheza namba 19, 65, 09, 17. Utasikia mlio wa pete. Rudi kwa skrini ya mwanzo, shikilia A ubonyeze Start, unachagua hatua yoyote. Hizo namba ni siku ya kuzaliwa ya Naka: 17 Septemba 1965. Msee aliyenyimwa jina kwa gemu ya kwanza aliweka tarehe yake kama funguo ya hii. Ukishafika hapo, cheza 01, 09, 09, 02, 01, 01, 02, 04 na ile chocho ya watengenezaji itafunguka. Zisome polepole: 1992, 11, 24. Siku ya kutoka.

Baadaye?

2013, Christian Whitehead na Simon Thomley walitoa toleo la simu, na Hidden Palace ikarudi. Mlango wake ni lile shimo la miiba la Mystic Cave lililoua watu miaka mingi. 2022 Tails akaingia kwa filamu ya pili ya Sonic. Naka naye hakumaliza vizuri: 2023 mahakama ya Tokyo ilimpata na hatia ya kununua hisa kwa kutumia siri za kampuni, akapewa kifungo cha kuahirishwa na faini.

Mimi pia niliacha college, kwa hivyo sitakudanganya eti ukiacha shule unakuwa Cerny. Yeye alipigiwa simu na Atari ju tayari alikuwa anajua kazi. Naka alijifunza mwenyewe mpaka akawa hawezi kupuuzwa. Shule waliacha, kusoma hawakuacha.

Sasa enda ucheze. Na ukifika Death Egg, mwisho kabisa, jipange mapema: kuna maadui wawili wanafuatana na hakuna pete hata moja. Ukiguswa mara moja, umeenda.