Kalevala: nyimbo za wakulima, mkono wa munganga

Wandugu wasomi, leo tuzungumze kidogo juu ya Kalevala, kitabu kikubwa cha inchi ya Ufini. Swali ni hili: kitabu kile ni cha nani? Cha munganga aliyekiandika, ao cha wazee waliomwimbia?

Tuanze na hali ya inchi. Uswidi ilitawala Ufini kwa karne nyingi, mpaka 1809, halafu kaisari wa Urusi akaichukua. Mtawala akabadilika, lakini shule, tribinali na ofisi viliendelea mu Kiswidi. Kifini kilibaki lugha ya wakulima. Mtoto wa maskini akitaka kusoma, lazima kwanza ajue Kiswidi.

Elias Lönnrot alikuwa mtoto wa namna ile. Alizaliwa 1802 kule Sammatti, baba yake fundi wa kushona nguo. Alisoma kwa taabu, akakuwa munganga, na mu 1833 akapewa kazi Kajaani, mbali sana na mji mkuu. Tangu 1828 alikuwa anazunguka vijiji akiandika nyimbo za zamani. Nyimbo nyingi zenye uzito alizipata Karelia, ngambo ya mpaka, upande wa Urusi. Mu 1834, kwenye kijiji cha Latvajärvi, alimkuta mzee Arhippa Perttunen. Mzee yule alimwimbia mistari zaidi ya 4,000, yote iko tu mu kichwa!

Mwaka uliofuata, 1835, Kalevala ya kwanza ikatoka: nyimbo 32, mistari 12,078. Walichapisha nakala 500 tu. Mu 1849 ikatoka ile inayosomwa mpaka leo: nyimbo 50, mistari 22,795.

Sasa, hapa ndipo kwenye mjadala. Hakuna mwimbaji hata mmoja aliyeimba Kalevala nzima. Lönnrot alichagua, akapanga, akaunganisha nyimbo za watu mbalimbali, na pale penye pengo akatunga mistari yake. Kwa hiyo wanaosema kitabu ni sauti tupu ya wananchi wanazidisha. Na wanaosema Lönnrot alijitungia tu, nao wanakosea, maana daftari zake zilihifadhiwa. Kati ya 1908 na 1948, nyimbo zenyewe zilizokusanywa na yeye na wengine zilichapishwa mu vitabu 33. Kila mtu anaweza kulinganisha.

Kitabu kile kilileta nini? Peke yake hakikuleta uhuru. Huo ulikuja 1917. Lakini waliosema Kifini hakiwezi kubeba jambo kubwa walikosa jibu. Mu 1858 shule ya kwanza ya sekondari kwa Kifini ilifunguliwa Jyväskylä. Mu 1863 kaisari akatoa amri kwamba ndani ya miaka 20 Kifini kilingane na Kiswidi mu ofisi na tribinali, kwa mambo ya wenye kusema Kifini.

Maoni yangu: Kalevala ni ya wote wawili, lakini jina la Lönnrot linajulikana dunia nzima, na la Arhippa wanalijua wachache. Msomi akienda kwa mzee na daftari ao telefone, aandike pia jina la mzee, kijiji na tarehe, na asitupe maneno ya kwanza hata kama anataka kuyapamba. Bila hayo, kesho nani atajua ni nani aliimba?