Ushindani wa Wachoma Nyama katika Soko la Kariokor

Historia ya nyama choma katika soko la Kariokor, jijini Nairobi, inaonyesha kwamba mkahawa mpya unaweza kupata wateja hata pale unapouza chakula kile kile kinachouzwa na majirani zake wote, mradi mteja aweze kukagua kwa macho yake kile anachokinunua.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwachukua mamia ya maelfu ya Waafrika, wengi wao kwa nguvu, wakabebe mizigo ya jeshi katika mapigano dhidi ya Wajerumani, na kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina lake hapa Kariokor na vilevile Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilijenga mahali hapo mabweni, yaani majengo ya kulala watu wengi pamoja, kwa ajili ya wafanyakazi wanaume, kwa kuwa sera ya wakati huo ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini ambaye familia yake ilipaswa kubaki mashambani. Makao ya namna hiyo, yaliyomnyima mkazi nafasi ya kuwa na jiko la familia, yalimfanya mwuzaji wa chakula kilichopikwa kuwa mtu wa lazima katika maisha ya mtaa.

Katika soko la leo, ambalo pia lina sifa kwa vyondo, yaani vikapu vya kusuka, na kwa viatu vya ngozi, vibanda vya nyama hukaa bega kwa bega, na karibu vyote huuza nyama ya mbuzi au ya ng'ombe pamoja na ugali na kachumbari, yaani nyanya na vitunguu vibichi vilivyokatwakatwa. Mteja huchagua mwenyewe sehemu aitakayo, iwe mbavu au mguu, nyama hiyo hupimwa kwa kilo mbele yake, kisha huchomwa juu ya makaa na kuletwa ikiwa imekatwa vipande juu ya ubao. Kwa utaratibu huo, uwazi wa mizani, ubichi wa nyama, ustadi wa mchomaji na usafi wa meza ndivyo vinavyomtenga mwuzaji mmoja na mwingine, na mgeni katika biashara hawezi kuficha udhaifu wake nyuma ya orodha ndefu ya vyakula.

Kukaa pamoja kwa washindani si kosa la kibiashara. Mwanauchumi wa Marekani Harold Hotelling alieleza katika 1929 kwa nini wauzaji wa bidhaa zinazofanana huelekea kusogeleana, na Kariokor huongeza faida nyingine, kwamba sifa ya soko zima humleta mteja mlangoni kabla hajajua jina la kibanda chochote.

Njia iliyo kinyume ilifuatwa na mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mtaa wa Lang'ata, jijini Nairobi, katika 1980, ambao ulijitofautisha kwa kuchoma nyama ya wanyamapori na kwa wahudumu wanaopita mezani wakikata nyama hadi mlaji ashushe kibendera kilicho mbele yake. Uuzaji wa nyama ya pori ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwanzoni mwa karne hii, upekee wa bidhaa ulipungua, lakini namna ya kuhudumia ilibaki na mkahawa ukaendelea.

Mifano hii miwili, ingawa inahusu wateja wa vipato tofauti, inathibitisha jambo moja: bidhaa adimu inaweza kuondolewa na sheria au kuigwa na jirani, ilhali uaminifu wa mizani na ustadi wa moto hujengwa polepole na hauigwi kwa siku moja. Anayefungua mkahawa mpya aanze kuwekeza hapo, kabla ya kufikiria rangi ya bango lake.