Ombudsman: Mjumbe na Aliyemtuma

Neno ombudsman la Kiswidi ni maneno mawili yaliyofungwa kwa s: ombud, yaani mjumbe aliyekabidhiwa shauri la mwingine, na man, yaani mtu. Maana yake haikamiliki mpaka ijulikane ni nani aliyemtuma. Mwaka 1713 mtumaji alikuwa Mfalme Karl XII, aliyekuwa mbali, Uturuki, akataka maofisa wake wasimamiwe. Mwaka 1809 neno lile lile lilitumika tena, lakini mtumaji akawa Bunge.

Wapare waijua haja ya mjumbe wa namna hiyo. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani mpaka Same kuipinga mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi, katika milima ile ile ya Shighatini, nao wakasimama. Watawala walioitoza ndio hao waliopaswa kupokea mashtaka. Basi watu wakawa wajumbe wa nafsi zao.

Mwaka 1966 Tanzania, ya kwanza katika Afrika, iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi chini ya uenyekiti wa Erasto Mang'enya. Mkulima wa Shighatini akapata mahali pa kumshtaki ofisa aliyemdhulumu. Lakini jina la Kiswahili lilitaja kazi, halikutaja ujumbe. Na taarifa za Tume zilipelekwa kwa Rais. Mwaka 2001 kazi hiyo ilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Majina yamebadilika, ila swali lililofichwa katika neno la Kiswidi lingalipo: anayepokea mashtaka ya mnyonge ametumwa na nani?