Jinsi leza ya uzi wa kioo inavyokata chuma

Mwaka 1967, Peter Houldcroft wa taasisi ya utafiti wa uchomeleaji karibu na Cambridge, Uingereza, alielekeza mwale wa leza kwenye bamba la chuma lenye unene wa milimita 1, akapuliza oksijeni, na chuma kikakatika. Leza hiyo ilitumia gesi ya kaboni dayoksaidi. Mashine nyingi za leo huzalisha mwanga wao ndani ya uzi wa kioo.

Uzi huo ni jamaa wa nyuzi za mkongo wa intaneti uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ila kiini chake kimetiwa elementi adimu ya iterbiamu. Diodi huuingizia mwanga. Iterbiamu huumeza na kuutoa tena ukiwa mwale mmoja wa maelfu ya wati. Kichwa cha mashine, kikiongozwa na kompyuta, huukusanya kwa lenzi hadi kuwa nukta yenye upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Chuma kilicho chini yake huyeyuka papo hapo.

Kuyeyusha, hata hivyo, si kukata. Kazi hiyo humaliziwa na gesi inayotoka kwa shinikizo kupitia tundu lile lile na kukisukumia nje chuma kilichoyeyuka. Kwa oksijeni, chuma cha kawaida huungua na kuongeza joto, hivyo bamba nene hukatika kwa nguvu ndogo. Lakini ukingo hubaki na gamba jeusi ambalo lazima liondolewe kabla ya kupaka rangi. Nitrojeni haiunguzi. Huacha ukingo unaong'aa, na ndiyo hupendelewa kwa chuma cha pua, ingawa hutumika kwa wingi na kuongeza gharama.

Mawimbi ya mwanga huu ni mafupi takriban mara kumi kuliko ya leza ya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo hata shaba, iliyokuwa ikiurudisha mwale kama kioo cha kujitazamia, humeza sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake.

Ufupi huo una hatari. Mwanga wa leza ya gesi huzuiwa na kioo cha kawaida. Huu hukipenya, hupita lenzi ya jicho na kuchoma retina, huku mwathirika asione chochote. Mashine isiyo na kizimba ni nafuu, na karakana changa hushawishika. Miwani ya kuchomelea haikuundwa kwa kazi hii: inayofaa ni ile iliyoandikwa kuwa inakinga mawimbi ya nanomita 1,070. Anayeihitaji si mwendesha mashine peke yake, bali pia mteja aliyesimama mlangoni akisubiri bamba lake.