Virus, neno la Kilatini lililokosa wingi

Kwa Warumi wa kale, virus haikuwa kitu cha kuhesabu. Ilikuwa ute, sumu au harufu kali. Virgil aliitumia kwa sumu ya nyoka, Lucretius kwa ukali wa maji ya bahari. Kama ilivyo damu au chumvi kwa Mswahili, wingi haukuhitajika, wala haupatikani katika maandishi yao.

Sarufi yake nayo ni ya kikaidi. Nomino za Kilatini huwa za kiume, za kike, au si huku wala kule. Zile za kundi la pili la miishio, zinazoishia na -us, karibu zote ni za kiume: dominus, bwana, akitendwa huwa dominum. Virus si ya kiume wala ya kike. Itende au itendwe, hubaki virus. Wenziwe wanaojulikana ni pelagus, bahari, na vulgus, umati. Wanaoandika virii kama wingi wake kwa kujionyesha wasomi wamepotea, na hata viri tayari lina kazi yake: ni wanaume.

Asili ya neno ni kongwe kuliko Roma yenyewe. Kisanskriti kina viṣa na Kigiriki kina ios, yote yakiwa na maana ya sumu. Ile r ilikuwa s zamani. Kilatini kiligeuza s iliyobanwa kati ya irabu mbili kuwa r, ndiyo maana flos, ua, huzaa floris, “la ua”. Wagiriki waliidondosha kabisa.

Mwaka 1798 Edward Jenner aliita virus ule usaha wa ndui ya ng'ombe aliouchanjia watu. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky aliona kwamba maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa huambukiza hata yakipita kwenye chujio linalozuia bakteria. Martinus Beijerinck, mwaka 1898, aliamini kiambukizi hicho ni kimiminika, na hapo neno likarudi karibu kabisa na ute wa Warumi. Ni mwaka 1935, Wendell Stanley alipokigeuza kuwa fuwele, ndipo ilipodhihirika kuwa ni chembe. Chembe huhesabika, na neno likadai wingi.

Kiingereza kiliongeza tu kiishio chake. Kiswahili kilisikia vi- mwanzoni, kikalipanga neno pamoja na viti na vyombo, kisha kikachonga umoja wake, kirusi, kama kitabu cha Kiarabu kilivyopewa vitabu. Katika VVU, virusi vya ukimwi, ile “vya” inakubaliana na silabi ambayo kwa Warumi haikuwa kiambishi hata kidogo.