Taa Kwanza, Kamera Baadaye

Mgeni akija kuzamia huku Utende, kisiwani Mafia, akasikia kwamba kazi yangu ni kupiga video chini ya maji, huniuliza kamera ipi ni nzuri. Nami humuuliza kama ana taa. Wengi hushangaa, kwa sababu fedha zao zote zimeishia kwenye kamera na kasha lake, na taa wameiona kitu cha kununua baadaye. Ukiifuatilia historia ya kazi hii utaona kwamba kamera yenyewe haikuwa shida kubwa. Waliotutangulia walihangaika na mambo mawili: maji yasiingie, na mwanga upatikane.

Mwaka 1856, huko Weymouth, kusini mwa Uingereza, William Thompson alifunga kamera ndani ya sanduku na kulishusha baharini kwa kamba, kina cha mita tano na ushee. Alikuwa juu ya mashua. Akavuta kamba nyingine kufungua kifuniko cha mbele, akasubiri dakika kama kumi, kisha akalipandisha. Sanduku lilikuwa limevuja na maji ya chumvi yamefika kwenye bamba la picha, lakini picha ilitoka, hafifu.

Aliyeshuka mwenyewe na kamera yake ni Mfaransa Louis Boutan, na kati ya wote huyu ndiye ninayemheshimu zaidi. Alikuwa mwanabiolojia katika kituo cha utafiti wa bahari cha Banyuls-sur-Mer, karibu na mpaka wa Hispania. Alitaka kuonyesha mandhari aliyokuwa akiyaona akizamia, maana maneno hayakumtosha. Mwaka 1893 alishuka akiwa amevaa vazi zito la uzamiaji lenye kofia ya chuma, na kamera ikiwa ndani ya kasha la shaba alilolibuni pamoja na ndugu yake Auguste. Kasha hilo liliunganishwa na mfuko wa mpira uliojaa hewa. Kila mita 10 unazoshuka, kanieneo ya maji huongezeka kwa kiasi sawa na cha hewa yote iliyo juu yetu pale ufukweni. Maji yalipoubana mfuko, hewa yake iliingia ndani ya kasha na kulisaidia kustahimili. Kwa mwanga wa jua peke yake, picha moja iliweza kuchukua hadi nusu saa, naye amesimama chini akingoja.

Hakuridhika. Akatafuta mwanga wake mwenyewe: pipa la lita 200 lililojazwa oksijeni, juu yake taa ya spiriti ndani ya kengele ya kioo, na kipira cha mkono cha kupulizia unga wa magnesi kwenye moto. Kila ukipulizwa, moto ulilipuka mweupe. Pipa zima lilizamishwa karibu na mpiga picha. Kufikia 1899 alikuwa na taa za umeme zisizoingia maji, na mwaka huo alimpiga picha mwenzake Emil Racoviță, Mromania, akiwa chini ya bahari. Yote hayo yalifanyika kabla mtungi wa hewa tunaoubeba leo haujabuniwa.

Kwa nini pipa zima kwa ajili ya mwanga? Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Mita tano tu imeshafifia. Ukifika kumi, karibu yote imekwisha. Shuka nami kwenye mlango wa bahari wa Kinasi, hapa Mafia, maji yanapojaa na kuingia safi kutoka bahari kuu. Kwenye mita 15 kuna matumbawe laini yanayoning'inia chini ya ukingo wa mwamba. Kwa macho matupu yana rangi ya majivu. Washa taa ukiwa umbali wa mkono mmoja, nayo yanakuwa mekundu kama pilipili iliyoiva. Sogea nyuma mita mbili, wekundu unaondoka tena, kwa sababu mwanga wa taa nao unaliwa ukienda na ukirudi. Kichujio chekundu husaidia kwenye maji ya juu, lakini hakiwezi kurudisha rangi isiyokuwapo. Ndiyo maana nasema taa kwanza, halafu lenzi pana ili ukae karibu na kitu unachokipiga.

Mwaka 1926 William Longley na Charles Martin walipata picha za kwanza za rangi chini ya maji, huko Florida, kwa kulipua unga wa magnesi juu ya chelezo. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na Mfaransa Jacques Cousteau akatengeneza filamu yake ya kwanza wakati mikanda ya kupigia sinema haipatikani. Alinunua filamu fupi za kamera za picha na kuziunganisha gizani. Mwaka 1943 yeye na mhandisi Émile Gagnan wakakamilisha kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi. Mzamiaji akawa huru kutoka kwenye bomba la hewa la juu.

Filamu ya Cousteau na Louis Malle, *Le Monde du silence*, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956, na sehemu yake ilipigwa kwenye bahari yetu ya Hindi. Katika kisiwa cha Assumption, Shelisheli, chewa mkubwa aliwazoea wazamiaji hata wakalazimika kumfungia kwenye kizimba ili wafanye kazi. Katika filamu hiyo hiyo wanalipua baruti mwambani ili kuhesabu samaki wanaokufa. Mimi ninayeijua pwani ya Tanzania na mashimo yaliyoachwa na baruti, siwezi kuitazama sehemu hiyo bila kuumia. Nawaheshimu kwa taa walizoshusha kwa nyaya kutoka melini. Lile la baruti silisamehe.

Baada ya hapo vifaa vilikuja kwa kasi. Mbelgiji Jean de Wouters alibuni kamera isiyohitaji kasha, Calypso, na mwaka 1963 Nikon ikaanza kuiuza kwa jina la Nikonos. Kanda za Hi8 zikaja 1989, MiniDV 1995, na tangu GoPro ilipotoa kamera zake ndogo za video, hata nahodha wa boti anaweza kuwa nayo mfukoni.

Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie kwenye kasha, hata hivyo, haijabadilika. Kabla ya kila mzamo naitoa kwa kidole, kamwe si kwa kitu chenye ncha, naipitisha taratibu kati ya vidole nikitafuta chembe ya mchanga, naipaka grisi kidogo tu ing'ae, kisha nafuta mfereji wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Kasha jipya lishushwe kwanza tupu, bila kamera.

Na picha hizi zina kazi. Mwaka 1987 Hans Fricke, Mjerumani, alishuka kwa nyambizi ndogo karibu na Ngazija, Komoro, akampiga filamu samaki aitwaye silikanti akiwa hai kwenye makao yake, karibu mita 200 chini, mara nyingine kichwa kikiwa kimeelekea chini. Samaki huyo huyo ndiye aliyesababisha hifadhi ya bahari kuanzishwa Tanga mwaka 2009. Hapa Mafia papa potwe hutambuliwa kwa picha ya madoa yake ubavuni, nyuma ya matamvua, kwa hesabu zilizotokana na zile za wanaastronomia za kulinganisha makundi ya nyota. Video nzuri yenye tarehe inatuambia ni potwe yuleyule wa mwaka jana au ni mgeni.

Tunachokosa ni picha za mwamba wa zamani. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, kuanzia Kenya hadi Maldivi. Mwamba wa Tutia, kusini mwa kisiwa chetu, uliumia vibaya. Vijana ninaowafundisha kuzamia wanautazama leo na kudhani ndivyo ulivyokuwa siku zote. Kabla ya mwaka huo wa 1998 walipita hapa watu wenye kamera za Hi8, na kanda zao zinaliwa na unyevu kabatini, Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya na kwingineko.

Kama unayo kanda iliyopigwa chini ya maji ya Mafia, Pemba, Tanga, Kisite au Watamu kabla ya 1998, itafutie mashine ya kuichezesha mwaka huu. Inakili, andika tarehe na jina la mwamba, kisha peleka nakala kwenye ofisi ya hifadhi husika au Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Hata kama rangi yake ni ya buluu tupu, ipeleke.